Siku Mabasi Yalipoacha Kusimama Ilula

Siku ya kustaafu redioni, nilipokuwa nakabidhi vifaa vya ofisi, mtunza stoo alinidai waya wa kipaza sauti ambao panya waliumaliza zamani, kabla yeye mwenyewe hajaajiriwa. Tulibishana kidogo, kisha akaandika "umeliwa", akagonga muhuri, mambo yakaisha. Nikatoka mikono mitupu, nikateremka kwenda nyumbani Ipogolo nikiwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Andika, mama, usije ukasahau," Rehema aliniambia wakati wa kuagana. Rehema ndiye sasa anayesoma habari za uchumi asubuhi. Sijui ni kwa nini mtu akistaafu Ijumaa anadhaniwa ataanza kusahau Jumatatu. Lakini nimeandika, kwa ajili yake na wenzake wa chumba cha habari. Vyeo na mishahara nimeviruka. Vyeo vilichelewa, na mishahara wanaijua wenyewe.

Mimi ni Atupele, mzaliwa wa Tukuyu, kwenye migomba na mvua isiyojua kwao. Kazi niliianzia Mbeya mjini, kwenye redio ndogo yenye studio ya chumba kimoja. Kuta zake zilibandikwa trei za mayai ili sauti isirudi, na mvua ikinyesha kwenye bati tulisitisha mahojiano mpaka ipite. Kwa wanaoijua Mbeya, hilo lilimaanisha kwamba kuna miezi tuliyopiga muziki zaidi ya kuzungumza.

Siku hizo habari za uchumi zilikuwa adhabu. Kila mmoja alitaka siasa au mpira. Anayechelewa kikao cha asubuhi ndiye aliyetupiwa uchumi, na mimi, kwa kuwa nilikuwa mgeni na sikujua kikao kinaanza saa ngapi, nilichelewa wiki nzima. Mwishoni nikaonekana kama niliyeupenda.

Mhariri wetu alikuwa Mzee Sanga, Mkinga wa Makete, kabila la wafanyabiashara, ambaye kwa maajabu hakuwa na duka hata moja. Alikuwa mfupi, mpole, na koti lake la sufu hakulivua hata wakati wa joto. Nilimpelekea habari yangu ya kwanza nikijisikia msomi. Niliandika kwamba thamani ya shilingi imeendelea kuporomoka dhidi ya sarafu za kigeni, na kwamba wachumi wametahadharisha juu ya mfumuko wa bei. Akasoma, akaondoa miwani.

"Mama yako yuko wapi?"

"Tukuyu, mzee. Anauza ndizi."

"Akisikia hii atafanya nini?"

Nikafikiri. "Hatafanya kitu."

"Basi hujamwambia kitu. Vaa sweta, twende sokoni."

Tukaenda Mwanjelwa. Soko lilikuwa limejaa matope, wabeba mizigo wanapiga kelele wapishwe, maduka ya mitumba yamening'iniza makoti mpaka njiani. Mzee Sanga alinisimamisha mbele ya magunia ya viazi yanayopakiwa kwenye lori. Kila gunia lilikuwa limejazwa mpaka mdomoni, kisha likashonewa nyongeza juu, likawa na kichwa kama mtu aliyevaa kofia. Lumbesa. Nilikuwa nimeyaona tangu utotoni, sikuwahi kuyatazama.

"Mkulima analipwa gunia," alisema. "Hicho kichwa nani anakilipa?"

Nilirudi ofisini nikaandika upya: "Gunia la viazi linalotoka Mbeya lina kichwa, na kichwa hicho mkulima halipwi." Ilisomwa jioni. Kesho yake watu walikuja mpaka mlangoni kwetu, wengine kushukuru, wengine, wale wenye malori, kugombana. Mzee Sanga aliwakaribisha wote chai. Aliniambia habari iliyogombaniwa ni bora kuliko habari iliyosinziliwa.

Mama yangu alinisikia pia. Nilipokwenda kumsalimia Krismasi alinisifu kwamba sauti yangu ni nzuri, ila akauliza, "Huyo Mfumuko mnayemsema kila siku ni mtu wa wapi?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Baadaye sikucheka. Tangu hapo, kila neno gumu nililijaribu kwanza kwake kichwani kabla ya kulitamka hewani.

Kuhusu vifaa sina mengi. Kinasa sauti cha kwanza kilikuwa kizito kama tofali na kilikula mawe ya betri kuliko tochi. Baridi ya Mbeya inaua betri, kwa hiyo tulitembea nazo kwapani, ndani ya sweta, na tulipofika kwa mkubwa fulani kumhoji tulianza kwa kuchokora kwapani mbele yake. Wengine walidhani tunatoa silaha. Sokoni, mpe mgongo mashine ya kusaga ndipo uwashe, la sivyo utarudi na mahojiano ya mashine. Na mkulima usimwulize anajisikiaje. Mwulize mwaka huu amepanda nini ambacho mwaka jana hakupanda, kisha nyamaza. Atakuambia uchumi wote wa nchi.

Mzee Sanga alistaafu akarudi Makete kwenye viazi vyake. Mimi nikaolewa na mwalimu wa sekondari, akahamishiwa Iringa, nami nikahamia redio ya huko, ile ile niliyomalizia kazi. Tukajenga Ipogolo, chini ya mlima, kando ya barabara kuu ambako malori hupumua breki usiku kucha. Niliwazoea Wahehe na salamu zao. "Kamwene" ni neno moja, lakini linaweza kuchukua robo saa kama mwenye kusalimiwa hana haraka. Miaka ikaenda. Kaseti zikaisha, kompyuta zikaja, kisha simu ikameza vyote. Hapo ndipo kazi ilipokuwa nyepesi mikononi na nzito kifuani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Rehema ananiulizaga na mimi namwahirisha.

Ilikuwa miaka michache kabla ya kustaafu, mwanzoni mwa mvua. Asubuhi moja simu zote za ofisini ziliingiza ujumbe mmoja wa sauti. Mwanamke alikuwa analia: "Jamani, msile nyanya za Ilula! Zimepuliziwa sumu. Familia nzima imekwisha huku, watoto wamekwisha. Watumieni na wengine." Hakutaja jina wala kijiji. Kufikia saa nne ujumbe ulikuwa umeshafika Dar, umerudi, na umefika kwa mume wangu shuleni.

Meneja wetu, Fadhili, aliniita. Alikuwa kijana mwerevu, mwenye haraka, na sikumchukia hata siku moja.

"Mama, hii tunaisoma saa saba."

"Tunasoma nini? Nani amekufa?"

"Redio nyingine wameshatangaza. Sisi wa hapa hapa Iringa tutaonekana tumelala."

"Fadhili mwanangu, Ilula inaishi kwa nyanya. Tukisoma hii na si kweli, tumewaua walio hai."

"Na kama ni kweli, halafu tumenyamaza?"

Alikuwa na haki. Huo ndio uliokuwa uzito wenyewe. Nyanya zile zilikuwa kwenye jiko langu pia. Niliwaza kachumbari ya jana na wajukuu walioila.

"Nipe mpaka kesho asubuhi," nikamwambia. "Saa saba tusome kwamba kuna ujumbe unasambaa, kwamba hakuna aliyeuthibitisha, na kwamba mwandishi wetu yuko njiani."

"Na mwandishi ni nani?"

"Si unaniona nachukua mwavuli?"

Ilula nilifika mchana. Ninyi mliopita pale mnapajua: basi likipunguza mwendo tu, akina mama wanakimbilia madirishani na ndoo za nyanya, vitunguu, karoti, na abiria wanashusha pesa huku wanapandisha mboga. Siku ile basi lilikuja, likapita. Likaja lingine, likapita. Madereva hawakugeuza hata shingo. Kando ya barabara matenga ya nyanya yalikuwa yamepangwa ukuta mzima, mengine yamefunikwa turubai, na ya chini yameanza kutoa maji mekundu. Fuso iliyokuja kutoka Dar ilikuwa imeegeshwa tupu. Dereva wake alikuwa ndani amejifunika khanga usoni, anasubiri tajiri wake amwambie kama ageuze.

Nilimkuta Mama Kikoti, muuzaji niliyemfahamu kwa kuwa nilikuwa nikimhoji kuhusu bei. Nikasalimia.

"Mmetuua," alisema. "Ninyi wa redio."

"Redio yetu haijasema sumu, dada."

"Redio ni redio. Sisi tutajuaje ipi ni ipi?" Akachukua nyanya, akaifuta kwenye kitenge, akaing'ata mbele yangu, maji yakamtiririka kidevuni. Akachukua nyingine akaninyooshea. "Kula. Kula halafu ukatangaze kwamba umekula."

Wenzake walikuwa wametuzunguka. Nilikuwa na njaa, na nyanya ilikuwa nzuri, imeiva sawasawa. Lakini niliiweka mkobani.

"Nikila leo nisipokufa, bado sitajua kilichowapata wale watu," nikamwambia. "Na watu wa Dar nao hawatajua. Nisaidie, dada. Hawa wagonjwa ni wa wapi?"

Nilidhani atanifukuza. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba si watu wa Ilula. Amesikia ni watu wa juu huko milimani, wamelazwa hospitali, na kwamba hata kama wamekufa, hao ni watu, naye anawasikitikia, ila mbona hakuna aliyekuja kumwuliza yeye anapulizia nini na lini?

Nikamwuliza. Nikarekodi. Aliniambia dawa anayotumia na siku anazosubiri kabla ya kuchuma, na kwamba watu wa kilimo wa wilaya walikuwa wamepita asubuhi ile kuchukua nyanya kwenda kupima.

Hospitali walikolazwa, daktari alikuwa mwanamke mdogo, mchovu, na alinikatalia vizuri kabisa. "Siwezi kukupa habari za mgonjwa, mama. Ndugu wakitaka kuzungumza, hiyo ni hiari yao. Nitakalokuambia ni kwamba hakuna aliyekufa."

Niliomba arudie. Akarudia. Hakuna aliyekufa.

Nilikaa kwenye benchi la nje pamoja na waliokuja na vyakula vya wagonjwa. Kumwuliza mtu mwenye mgonjwa ni kazi ya aibu, na ukiona huoni aibu, badili kazi. Sikuuliza. Niligawana nao maembe niliyonunua getini, nikajitambulisha kazi yangu ili nisionekane mwizi wa maneno, nikanyamaza. Baada ya muda baba mmoja aliyekaa pembeni akasema, "Mimi ndiye unayenitafuta."

Aliitwa Elia, mpasua mbao. Walioumwa walikuwa mke wake na watoto wake wawili. Yeye alikuwa msituni, ndiyo maana alikuwa mzima.

"Pole sana, baba. Wanaendeleaje?"

"Mkubwa amefumbua macho. Mdogo bado. Mama yao anaongea kidogo."

"Walikula nini?"

"Ugali na uyoga." Akakuna kichwa. "Uliungwa na nyanya. Jirani alipofika aliona sufuria nyekundu, akaanza kupiga kelele za nyanya. Sasa ona."

Nilikuwa na habari nzima mkononi. Nikamwuliza kama atakubali kuyasema hayo redioni, akatikisa kichwa.

"Uyoga aliuokota mama mkwe. Yule pale." Alionyesha kwa midomo mwanamke mzee aliyekaa chini ukutani, miguu ameinyoosha, macho kwenye mlango wa wodi. "Hajala tangu jana. Nikisema redioni ni uyoga, kijiji kizima kitajua ni yeye. Watamwita mchawi. Siwezi, mama."

Nilimwelewa. Huku kwetu mtu mzima akikosea jikoni, maneno hayachelewi kugeuka. Nilimwambia naheshimu, nikainuka. Nilikuwa na kauli ya daktari kwamba hakuna aliyekufa, na hiyo ingetosha kupunguza moto hata kama isingeuzima. Niliwaza matenga yanayovuja na dereva aliyejifunika khanga. Sikuwa na raha, lakini nilijua siwezi kuokoa nyanya kwa kumtupa bibi.

Nilipopita mbele yake alinishika upindo wa sketi.

"Wewe ndiye wa redio?"

"Ndiye mimi, bibi. Kamwene."

"Kamwene. Anakuambia usiseme?"

"Ananiambia, bibi. Na sitasema."

Alitazama mlango wa wodi tena. "Mimi naokota uyoga tangu msichana. Watoto wa kijiji wananiletea niwachagulie. Huu nao niliuona mzuri." Akakunja miguu. "Mvua ndiyo kwanza inaanza. Kesho na keshokutwa watu wataingia msituni. Wakiogopa nyanya, watakula nini? Watakula uyoga."

Hilo sikuwa nimeliwaza, na miaka yangu yote ya uchumi. Wala daktari, wala Fadhili, wala dunia nzima iliyokuwa ikisambaza ule ujumbe.

"Washa mashine yako," akasema.

Elia alikuja mbio. "Mama, watakusema!"

"Waniseme nikiwa hai na wao wakiwa hai."

Aliongea Kihehe kwanza, kisha Kiswahili cha kukata kata. Jina lake hakutaja na mimi sikumwuliza. Alisema: "Nyanya haina kosa. Ni uyoga. Nimeokota mimi, mtu mzima, ninayejua, na nimekosea. Mkiona na ninyi mna shaka, acheni. Mtoto akitapika msingoje asubuhi, mleteni hospitali." Sauti ilimkatika pale aliposema mtoto, nikazima. Nilifuta machozi kwa ukingo wa kitambaa, maana mikono ilikuwa na maembe.

Daktari, kwa ruhusa ya familia, alithibitisha kwamba dalili ni za uyoga wenye sumu na kwamba wako hai kwa kuwa waliwahishwa. Watu wa wilaya walisema kwa simu kwamba vipimo vya nyanya bado, hivyo nikaandika kwamba bado. Fadhili alitaka tukate hilo neno "bado". Nilimwambia tukilikata, na kesho vipimo vikatoka vibaya, tutafunga redio kwa funguo zetu wenyewe. Akaliacha. Alfajiri iliyofuata nilisoma mwenyewe. Nilianza na kauli kwamba hakuna aliyekufa, kisha sauti ya bibi, kisha daktari, kisha Mama Kikoti na dawa zake.

Wengi hudhani baada ya kusoma habari kubwa mtu hujisikia shujaa. Mimi nilijisikia kama niliyemwachia mtoto baiskeli kwenye mteremko. Mtoto mdogo wa Elia alikuwa bado hajaamka. Vipimo vilikuwa havijatoka. Kama kimojawapo kingegeuka, ningekuwa nimewatoa bibi na Mama Kikoti kafara kwa pamoja. Nilikunywa chai ya ofisi, nikasahau sukari, sikujua.

Jioni Elia alipiga. Nilipoona namba yake sikutaka kupokea. Nikapokea.

"Mama Atupele," alisema, "mdogo ameamka. Anataka viazi."

"Anataka nini?"

"Viazi! Anagombana na nesi!" Na nyuma yake nikasikia mtoto anagombana kweli, kwa sauti ya mtu mwenye miaka mingi mbele yake. Nililia pale pale kwenye kibaraza, mume wangu akatoka akidhani nimefiwa, nikampungia mkono nikicheka. Hakujua ashike lipi.

Vipimo vilitoka baadaye, nyanya hazikuwa na tatizo. Lakini watu wa Ilula hawakungoja karatasi. Kesho yake, kabla ya chakula cha mchana, Mama Kikoti alipiga. Hakunisalimia, alipiga kelele tu katikati ya honi na zogo: "Wamesimama! Dada, mabasi yamesimama! Ngoja, ngoja, nahudumia." Akakata. Hakupiga tena, alikuwa kazini. Ile ilikuwa simu fupi kuliko zote nilizowahi kupokea, na sijapata iliyonishusha pumzi zaidi.

Bibi kijijini walimsema, nisiwadanganye. Kwa muda. Kisha watu wakaanza kumpelekea uyoga tena awachagulie, na Elia aliniambia sasa anatupa mwingi kuliko anaoubakiza.

Baada ya hapo niliendelea na kazi, mbolea, mahindi, mpaka wa Tunduma ukifungwa na kufunguliwa, lakini nitawaambia ukweli: nilianza kuhesabu siku zilizobaki kabla ya kupumzika. Si kwa kuchoka. Nilikuwa nimejua jinsi sentensi moja inavyoweza kusimamisha basi au kulipitisha, na kila asubuhi kabla ya kufungua kipaza sauti nilikuwa naomba, mimi Mlutheri, kwa muda mrefu kuliko mchungaji wangu. Mtu hawezi kuomba hivyo milele. Lazima wengine nao waombe.

Sasa ni zamu yenu. Mimi siku ya kwanza ya kutangazwa bei mpya za mafuta tangu nistaafu niliamka jua limeshajaa chumbani. Kwa miaka mingi siku hiyo ilinikuta wima gizani, kalamu sikioni. Mume wangu aliingia na redio mkononi, sauti ya Rehema ikitoka safi kabisa, haina haraka.

"Mama, huamki? Bei ya petroli imetoka!"

"Imetoka?" nikasema, nikajivutia blanketi. "Iende salama."

Nikageukia ukutani, nikalala.